Watoto wa Bibi na Kicheko cha Methali

Kipo kizazi Karagwe na Kyerwa ambacho sijaona kikiandikwa kwa heshima kinayostahili. Sisemi kizazi cha wazee wangu waliowahi kuishi chini ya Omukama, mfalme wetu wa jadi, wala kizazi changu kilichosoma kwa uhuru na Azimio la Arusha. Nasema wale waliozaliwa kati ya mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakalelewa na bibi zao. Leo ni watu wazima. Ni madiwani, mafundi cherehani, walimu, madereva wa malori ya ndizi, wanunuzi wa kahawa, akina mama wenye vikundi vya kuweka na kukopa. Ukikaa nao kwa muda utagundua jambo ambalo hungelitarajia kwa watu wa umri wao: wanajua methali kuliko hata sisi tuliowatangulia, na wanazijua pamoja na mahali pake pa kuchekea. Nimefundisha shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na wengi wao wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo nasema kwa uhakika kwamba methali hizo hawakuzipata darasani. Walizipata jikoni.

Ili mtu aelewe kwa nini, lazima arudi kwenye miaka ambayo wengi wetu hatupendi kuitaja. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu wa Kagera. Watu hawakuwa na jina la kitabibu. Waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa wakati ule, kilichokuja na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda baada ya vita ya 1978 na 1979 kutuachia maduka matupu. Uchunguzi wa damu uliofanywa mkoani mwaka 1987 ulionyesha kwamba Bukoba mjini karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Karagwe ya wakati huo, ambayo Kyerwa ilikuwa bado ndani yake kwa maana haikuwa wilaya hadi mwaka 2012, ilikuwa chini ya mmoja kati ya ishirini. Kwa hesabu tulikuwa na nafuu. Lakini wana wetu walikuwa Bukoba, Mwanza na Kampala, kwenye bandari na kwenye maduka, na walipougua walirudi nyumbani. Kwetu marehemu huzikwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni, na kwa miaka ile vibanja vilijaa makaburi mapya kabla ya majani ya kaburi la kwanza kuota. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Aliyebaki amesimama alikuwa mama wa baba, au mama wa mama. Alikuwa na miaka sitini au sabini, mgongo umechoka, macho yameanza ukungu, na ghafla nyumba yake ikajaa watoto watano, sita, wanane, kutoka kwa wazazi tofauti, wa dini tofauti pengine, wengine wamezoea mkate wa mjini na hawajui hata kumenya ndizi. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia pamoja na wataalamu wa Muhimbili walizifuatilia kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, wakarudi tena 2004 na 2010 kuona waliobaki wamefika wapi. Ilikuwa kazi kubwa na muhimu. Waliuliza nani amekufa, nani anasoma, kuna majembe mangapi, watu wanakula nini. Sikumbuki kusikia kwamba mtu yeyote aliuliza bibi alikuwa anawaambia nini watoto hao usiku, baada ya kula. Hawakutumwa hilo, na siwalaumu. Lakini ndilo ninalolijua mimi, na ndilo ninalotaka kulisema.

Aliwaambia methali. Hakuwa na nguvu ya kuchapa watoto wanane, na hata kama angekuwa nayo, utamchapaje mtoto aliyemzika mama yake juzi? Kuhubiri hakukufaa pia, maana mahubiri walikuwa wanayasikia kila wiki makaburini. Alihitaji neno fupi linaloweza kusemwa huku anapepeta maharage, linalomkaripia mmoja bila kumtaja, na linalowafanya wengine wacheke kabla hawajajua kwamba nao wamekaripiwa. Methali za kwetu zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo tangu zamani. Tofauti ni kwamba zamani zilisemwa na wazee wanaume waliozunguka chungu cha rubisi, pombe ya ndizi, na mirija yao, wakimaliza kesi ya mpaka wa shamba. Sasa zilihamia jikoni, kwa wanawake wazee na watoto.

Chukua ile ya fimbo. Inasemwa Rwanda, inasemwa Nkore, inasemwa Buganda, na kwetu inasemwa hivi: fimbo iliyompiga mke mwenzako, itupe nyuma ya nyumba. Ukimwambia mtu kwa mara ya kwanza, atacheka kabla hujamaliza. Anamwona yule mwanamke akifurahi mwenzake anapopigwa, kisha furaha inakatika katikati anapokumbuka kwamba fimbo bado ipo mlangoni, na mwenye mkono bado yuko ndani. Anatoka kimyakimya, anaishika kwa vidole viwili, anaitupa ng'ambo ya paa. Kicheko hicho kina ukweli mzito ndani yake kuhusu dhuluma, na methali haikuueleza. Imekuachia uuone mwenyewe.

Bibi mmoja wa Nkwenda, jirani wa ndugu zangu, alikuwa na wajukuu wa mabinti zake wawili. Wale wa binti mkubwa walifika kwanza, wakajiona wenye nyumba. Wale wa mdogo walipofika, walifanywa kuwa wachota maji, wachunga mbuzi, na walipokosea walikuwa wanashitakiwa kwa furaha kubwa. Siku moja mwalimu wa shule moja alimwadhibu mmoja wa wale wadogo kwa kosa la daftari, na binamu zake wakarudi nyumbani wakiigiza alivyolia. Bibi hakuwanyamazisha. Aliwaacha waigize hadi mwisho, akacheka nao kidogo, kisha akauliza: na ile fimbo, mliitupa wapi? Hakuongeza neno. Mmoja wa walioigiza siku ile sasa ni mama wa watoto wake. Anasema walilala wakiwa wanalifikiria swali lile, na kesho yake waligawana maji ya kuchota bila kuambiwa.

Nimeirudia hadithi hiyo mara nyingi mbele ya walimu wenzangu kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vitabu vya fasihi simulizi hulipitia haraka. Kicheko ndicho kinachoifungua methali. Mtoto anayecheka amekwisha kuingia ndani ya maneno; ameuona mgeuko, ameelewa nani ni nani, na sasa hawezi tena kusema hakuelewa. Anayekaripiwa kwa ukali anaweza kujifunga na kununa, akabaki na hasira ya karipio bila funzo lake. Ndiyo maana nasema, na nimelifikiria sana, kwamba bibi wale walikuwa walimu bora kuliko sisi tuliolipwa mshahara.

Mwaka 1996 huko Marekani, Hillary Clinton alitoa kitabu ambacho jina lake lilitokana na msemo unaodaiwa kuwa wa Kiafrika, kwamba mtoto hulelewa na kijiji kizima. Dunia ilibishana kama kweli ni methali ya Afrika na ni ya kabila gani. Watu waliotafuta asili yake walitaja, pamoja na nyingine, methali ya jirani zetu Wahaya: omwana taba w'omoi, mtoto hawi wa mtu mmoja. Waswahili wa pwani nao wana ya kwao, mkono mmoja haulei mwana. Nilipokuja kusikia mjadala huo, nilikumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1996, katika vilima vya Karagwe, kulikuwa na wanawake wazee waliokuwa wakiitekeleza methali hiyo kila asubuhi bila kuandikiwa kitabu. Tena ulikuwa mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda waliokuwa kwetu tangu 1994, katika kambi kama Chabalisa na Kagenyi, walirudishwa makwao mwezi Desemba. Baadhi ya bibi zetu walikuwa wamewapa chakula watoto wa kambini pia, kwa sababu mtoto mwenye njaa akisimama kwenye kibanja chako humwulizi kabila.

Lakini nisiipambe hali kuliko ilivyokuwa. Methali zetu zenyewe haziipambi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda wana methali isemayo kwamba udenda wa mtoto wa mwenzio unanuka. Ni ya kuchekesha na ni ya kweli. Kila aliyewahi kulea mtoto asiye wake anaijua harufu hiyo: ule uchovu unaokuja haraka zaidi, ile hesabu inayofanyika kimoyomoyo ya nani amekula nyama nyingi. Bibi mwerevu aliwajua majirani waliochukua yatima kwa ajili ya shamba la marehemu, na aliwajua shangazi waliowageuza watoto wa kaka zao kuwa watumishi. Aliitumia methali ya Wanyarwanda kwa watu hao, mbele ya watu, akiziba pua. Nimeona mkutano mzima wa ukoo ukiangua kicheko na mjomba mmoja akiinamisha kichwa. Shamba lile lilirudi kwa watoto. Mtu aliyezikusanya methali hizi mbili, ile ya Wahaya na ile ya Wanyarwanda, angesema zinapingana. Kwa bibi zilikuwa zinafanya kazi pamoja, moja ikieleza tunavyopaswa kuwa na nyingine ikitaja tulivyo, na mtoto alilelewa katikati ya hizo mbili.

Kiswahili kilifika Karagwe kabla ya Mjerumani. Omukama Rumanyika Orugundu alipowapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861 katika makao yake ya Bweranyange, akamhifadhi kwa miezi kadhaa Grant aliyekuwa akiuguza mguu, tayari njia ya misafara kutoka Unyanyembe ilikuwa inapita kwetu kwenda Buganda, na Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao cha biashara Kafuro, si mbali na makao hayo. Walileta shanga, nguo na bunduki, wakachukua pembe za ndovu. Naamini walileta na methali, maana mfanyabiashara hasafiri bila maneno ya kusuluhisha madeni. Ndiyo sababu bibi wa Karagwe asiyejua kusoma aliweza kuchanganya methali ya Kinyambo, lugha yetu, na ya pwani katika sentensi moja bila kuona mpaka wowote kati yake.

Ya pwani aliyoipenda kuliko zote, nadhani, ilikuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Ilikuwa na kazi maalumu kwetu, kwa sababu ya butura. Mgeni asiyejua Kagera nimweleze: butura ni kuuza kahawa ingali ua. Mkulima ana shida ya fedha mwezi wa njaa, anakuja mwenye nazo, anaangalia mibuni iliyochanua, anampa kiasi kidogo, na wakati wa mavuno anakuja na magunia yake kuchukua zao lote. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, viongozi wa ushirika wameikemea mara nyingi, na bado ipo. Miaka ya misiba ndiyo ilikuwa mavuno ya wanabutura, kwa maana sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji havisubiri msimu. Bibi alikuwa analipa matanga kwa kukopa, akakopa tena kulipa alichokopa, na methali ikamgeukia: sasa matanga yalikuwa kwenye kukopa na kulipa pia. Nilimsikia mmoja akiigeuza hivyo hivyo. Alisema sisi tunakopa matanga, tunalipa matanga, harusi tutaionea wapi? Wajukuu walicheka, naye akacheka hadi akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Kisha alimwambia mkubwa wao, kijana wa miaka kumi na minne, kwamba mwaka ule kahawa haitauzwa ua hata kama watakula maharage matupu. Walikula maharage matupu. Kijana yule leo ananunua kahawa kwa ajili ya chama cha msingi, na mkulima akimjia na habari ya butura, humwambia sentensi ile ya bibi yake, na mkulima hucheka, na mara nyingine hurudi nyumbani na kahawa yake ikiwa bado mtini.

Sitaki kuziorodhesha zote, maana methali zikipangwa foleni hufa. Niseme mbili zaidi tu. Moja ni ya nyungunyungu: polepole ilimfikisha nyungunyungu kisimani. Hii wanayo Wanyankore na sisi pia, na watoto huipenda kwa sababu wanamwona yule mdudu asiye na miguu akijivuta kwa mbwembwe kwenda kunywa maji kama ng'ombe wa mtu. Bibi waliitumia kwa watoto waliochelewa shule. Walikuwa wengi. Mtoto aliyemuuguza mama yake kwa miaka miwili anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, magoti yake hayaingii chini ya dawati, na wadogo wanamwita baba. Nilikuwa na mmoja wa hao. Aliponiambia kwamba anaitwa baba, nilimuuliza anawajibu nini. Akasema anawajibu: nendeni mbele, mimi nanyungunyuka. Neno hilo halimo katika kamusi yoyote, alilitengeneza yeye kutoka kwenye methali ya bibi yake, na darasa zima lilianza kulitumia. Alimaliza la saba. Huo ndio ucheshi ninaousema, unaompa mtoto aliyeaibishwa namna ya kusimama.

Nyingine ni ya kandege: kandege kasikoruka hakajui ulezi umeiva wapi. Hii ni ya eneo lote la maziwa makuu, kutoka Burundi hadi Nkore, na kwa vijana wa Kyerwa wanaoiona Uganda kwa macho kila siku wakisimama Murongo, haina haja ya ufafanuzi. Wanaume walikuwa wakiambiwa hivyo tangu zamani. Bibi walianza kuwaambia wasichana. Walikuwa wamewaona mabinti zao wakifa kwa kukosa fedha zao wenyewe, wakitegemea waume waliosafiri, na hawakutaka wajukuu wapite njia hiyo. Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa methali hulikwepa. Katika hazina yetu kuna methali nyingi zinazomdhalilisha mwanamke, zinazomfananisha na mali au zinazomwambia anyamaze. Nilizisikia utotoni kutoka kwa wanaume wenye heshima zao. Watoto wa bibi hawazijui, au wanazijua kwa kuzisikia kwingine, kwa sababu waliowalea waliamua kutozirithisha. Hakuna mkutano uliofanyika wala azimio lililopitishwa. Wanawake wazee, kila mmoja jikoni kwake, walizichuja. Naliona hilo kuwa moja ya mambo makubwa yaliyowahi kufanywa katika utamaduni wetu, na lilifanyika kwa ukimya kabisa.

Shuleni tulifanya kinyume. Tuliwapa watoto methali kama maswali ya mtihani: malizia methali ifuatayo, taja methali tatu zinazofanana na hii, eleza maana ya juu na maana ya ndani. Mtoto aliyepata alama zote angeweza kuwa hajawahi kuisikia hata moja ikisemwa kwa mtu halisi mwenye kosa halisi. Samaki mkunje angali mbichi tuliwafundisha watoto wa vilima ambao samaki wanamjua mkavu tu, tena wa kununua gulioni, ilhali kwetu tunasema kijiti hukunjwa kingali kibichi, na kila mtoto aliyewahi kutega ndege anajua kijiti kikavu kinavyovunjika. Siipingi methali ya pwani. Ni nzuri na ni yetu sote. Nasema mwalimu aliyekuwa na kijiti mlangoni mwa darasa alipaswa kuanza nacho.

Na kizazi hicho, sasa kwa kuwa kimeshika madaraka madogo madogo ya vijiji, kinazitumia. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, ulianzia upande wa Muleba, na ulipofika kwetu watu waliambiwa mambo magumu: kung'oa shina zima lililougua, kuchoma panga motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine, kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya kulikata. Kung'oa mgomba kwa Mnyambo ni msiba. Wenye vibanja vizima waliwatazama walioathirika kwa namna ile ya kujivuna kimyakimya, wakisema labda kibanja cha fulani hakikupata samadi ya kutosha. Katika mkutano mmoja wa kijiji bwana shamba alieleza kwa saa nzima, kwa picha na kwa takwimu, na watu wakasinzia. Akasimama kijana mmoja, mtoto wa bibi, akasema: wazee wangu, ile fimbo iliyompiga mke mwenzenu iko mlangoni. Mkutano ulilipuka kwa kicheko, wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake niliwaona wanaume wazima wakikata miti yenye panda. Bwana shamba, ambaye hakuwa mtu wa mkoa wetu, aliniuliza kijana amesema nini hasa, maana maneno aliyasikia lakini hakuona yanahusu migomba vipi.

Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Omurushaka, ambako barabara zinaachana na abiria wa Kyerwa husubiri, utasikia vijana wa miaka ishirini wakitupiana maneno ambayo wazee hudhani ni upuuzi wa mitaani. Nimekaa pale mara nyingi kusubiri usafiri. Mengi ya maneno hayo ni methali zilizovunjwa na kuungwa upya, na ukiuliza aliyeyaleta ni nani, utapelekwa kwa dereva mkubwa wao mwenye miaka arobaini na kitu, aliyelelewa na bibi. Yeye ndiye kiungo. Baba zao vijana hawa, wale waliobahatika kukua na wazazi wawili na redio, wanazijua chache.

Tuna kazi nzuri zilizoandikwa kuhusu sisi. Profesa Israel Katoke alituandikia historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kilichotoka mwaka 1975. Profesa Josephat Rugemalira ametuandikia sarufi ya Kinyambo na kamusi ya Kinyambo, Kiswahili na Kiingereza, na kila shule ya wilaya hizi mbili ingepaswa kuwa na nakala. Kinachokosekana ni methali pamoja na tukio lake: nani aliisema, kwa nani, baada ya kosa gani, na watu walicheka mahali gani. Ukiiandika fimbo ya mke mwenza peke yake kwenye mstari, msomaji wa kesho atadhani ni ushauri kwa wenye wake wawili. Bibi wenyewe karibu wote wametutoka. Waliobaki na matukio hayo kichwani ni hao watoto wao, na wana shughuli nyingi, na hakuna anayewauliza kwa kuwa hawajafika umri wa kuitwa wazee. Nawasihi wanafunzi wetu wanaosoma vyuo, wanaorudi likizo na simu zenye uwezo wa kurekodi, waanze na hao, nyumbani kwao wenyewe, kabla hawajaenda kutafuta mzee mwenye mvi.

Watagundua pia kwamba hawakubaliani. Katika kikao cha maandalizi ya harusi pale Kayanga, hivi karibuni, wanawake wawili wa rika hilo walibishana vikali kuhusu methali ya kikapu. Sote tunasema kikapu kidogo huenda kwa Mugarura, yaani kwa mrudishaji. Ukimpa jirani kitu ndani ya kikapu, kesho utamrudia yule aliyekirudisha. Mmoja, aliyekulia upande wa Bugene, alisema bibi yake aliwafundisha kwamba Mugarura hakirudishi kikapu kitupu kamwe, hata konzi moja ya maharage ataweka. Mwenzake wa Kaisho alikataa katakata. Bibi yake yeye alisema Mugarura ni yule anayekirudisha haraka, kitupu hivyo hivyo, kwa sababu mwaka ule kulikuwa na msiba karibu kila juma na kikapu kilihitajika kupeleka chakula nyumba nyingine. Walibishana hadi chai ikapoa, kila mmoja akimtetea marehemu wake. Mimi nilikuwa upande wa yule wa Kaisho, maana tafsiri yake ilizaliwa katika mwaka halisi na kwa shida halisi, na sijapata kuiona mahali popote ilipoandikwa. Nilimuuliza kama amewaeleza watoto wake. Akasema ndiyo, na kwamba kitinda mimba alimuuliza kama bibi huyo alikuwa mchoyo, nyumba nzima wakacheka, kisha yeye mama yao akaketi akawasimulia majina ya majirani wote waliozikwa mwaka ule, mmoja baada ya mwingine, na kikapu kilikwenda kwa nani kwanza.